Podo la Korongoni Halitakatwa

Baba Tumpe,

Podo lako la korongoni halijakatwa, na halitakatwa. Nimeanza na hilo ili usihangaike kulitafuta huko chini ya karatasi. Mabenchi yako hayapo. Jina lako halijachongwa mahali popote. Waumini wanakaa kwenye mabenchi ya paina yaliyotoka Tunduma, yanalia kila watu wakisimama kuimba, na bado hakuna aliyekufa kwa ajili hiyo.

Naandika kwa mkono wangu, kwenye daftari alilolisahau Tumpe hapa mezani. Mwandiko ni ule ule uliokuwa unaucheka, kwamba herufi zangu zinatembea kama kuku waliomwagiwa mahindi. Lakini wewe uliishia darasa la nne na mimi nilimaliza la saba. Ikija barua, wewe ndiye uliyeishika mbele ya wageni, mimi nakaa pembeni nakunong'oneza maneno, na wewe unayarudia kwa sauti kubwa kama vile umeyaona mwenyewe. Nilikufanyia hivyo miaka yote ya ndoa yetu na sikumwambia mtu. Leo nimekuandikia wewe peke yako, na sijui huko nani atakusomea.

Nina hasira na wewe. Watu wa hapa Isongole wanasema marehemu hasemwi. Mimi sikusemi, nakuambia.

Siku ile ulipowaita wazee kitandani kwako, nilikuwa jikoni nakukorogea uji wa ulezi, ule mwepesi, ndio pekee uliokuwa unapita kooni. Ukuta wetu unaujua, ukikohoa chumbani naitikia jikoni. Nikasikia unasema, kwa sauti ambayo kwangu ulikuwa huna tena siku nyingi: "Lile podo langu la korongoni mlipasue. Mbao zote ziwe mabenchi ya kanisa. Na benchi la mbele liandikwe jina langu." Ndugu yako Ambakisye akalia. Wazee wakasema amina. Nilipoingia na uji wote mkanyamaza, nawe ukageukia ukutani. Siku tisa baadaye ukafa. Siku tisa nimekulisha, nimekugeuza, nimekufua, na hukuona haja ya kuniambia mimi neno moja kuhusu mti ambao mimi na wewe tu ndio tuliokuwepo siku unatiwa alama.

Hilo ndilo lililoniuma kwanza. Mengine yalikuja baadaye, aliyaleta Tumpe.

Sasa kuhusu mwanao. Hapa nitajisifu na huna namna ya kunizuia. Tumpe amemaliza chuo. Ana shahada ya misitu. Anavaa buti nzito kama za askari, anashuka kwenye gari la kazini mlango anafunguliwa na dereva mwanaume, na wanaume wenye mvi wanamwita "mtaalamu". Pale Itaka alikopita na wenzake walimkaribisha chakula akakaa meza ya mbele. Nimeiona picha. Nimeionyesha soko zima. Yule mama anayeuza maharage jirani yangu alisema, "Mama Tumpe, hii picha umeshanionyesha mara nne," nikamwambia ya tano hii hapa, itazame vizuri, huyu anayemwagiwa maji ya kunawa ni mwanangu.

Unakumbuka ulivyosema alipofaulu? "Msituni asomee nini, wakati msitu uko hapa mlangoni?" Ukasema ajifunze kushona. Kahawa ya nyuma ya nyumba ndiyo iliyomsomesha, ile miche uliyotaka ing'olewe upate pa kuanikia mbao. Nilisimama mbele ya ile miche na jembe mkononi. Unakumbuka. Hukunigusa.

Basi, kazi aliyopewa Tumpe mwaka huu ni kuandika mapodo yanaota wapi, mgongo wa mlima hadi mgongo wa mlima, kuanzia huku kwetu hadi kule milima inakotazamana na Malawi. Wakubwa zake walimpa ramani. Amefika nyumbani, ameitandaza ramani mezani, ameitazama, kisha akanitazama mimi. "Mama, twende wote." Wenzake wana vyombo vya kupima urefu wa mlima. Yeye ana mama.

Nikamfundisha. Nilimwambia podo linaanzia pale kahawa inapogoma. Panda na kahawa yako mlimani, ikifika mahali inakuwa ya njano na haizai, ujue hapo ndipo podo linaposema sasa ni kwangu. Linataka ukungu wa asubuhi ambao hauondoki mpaka saa nne. Linataka udongo mweusi unaobonyea ukikanyaga, na kijito kinachoanzia karibu. Linataka kukua chini ya kivuli cha wakubwa zake, halipendi jua la utotoni. Na linaishia pale miti inapoisha na nyasi za kileleni kuanza, maana upepo wa huko linauogopa. Shuka nalo bondeni kwenye joto, litakutazama tu mpaka life. Tumpe akayaandika yote. Nikamwona ameandika pembeni: "Kwa maelezo ya mama yangu." Hayo maneno yako kwenye ripoti, Baba Tumpe. Yamechapwa.

Tulitembea siku sita. Mapodo yaliyosimama tuliyaona, na visiki vyako nilimwonyesha kimoja kimoja. Hiki ni cha mwaka wa harusi ya Ambakisye. Hiki mbao zake zilikwenda Mbozi Mission. Kila kisiki Tumpe aliniuliza swali lile lile: "Mama, hili lilikuwa linazaa?" Na mimi, mjinga mimi, nikawa namjibu kwa kujivuna. Nikasema mwanangu, baba yako hakuwahi kukata mti unaozaa. Watu wa milima yote hii walimsifu kwa hilo. Wapasuaji wengine walikata chochote, yeye alisimama chini ya mti, akatazama juu, akatafuta matunda. Akiona vitunda anaupiga konzi ya upole kama mtoto, anaondoka. Asipoona anasema, "Huu ni tasa, unakula udongo bure," ndipo anatoa shoka.

Kwenye kisiki cha kumi na kitu Tumpe akakaa chini. Alikaa juu ya kisiki chenyewe, akavua kofia. Nikadhani amechoka, nikatoa viazi.

Akasema, "Mama, podo haliko kama mparachichi. Kuna podo jike na podo dume. Jike ndilo linalozaa vitunda. Dume halizai, linatoa vimkia vya njano vyenye vumbi, upepo unalipeleka vumbi kwa majike. Yale aliyokuwa anayaita tasa ndiyo yaliyokuwa madume."

Nilikuwa na kiazi mdomoni. Sikuweza kukimeza wala kukitema.

Akaokota vitunda chini ya podo lililokuwa jirani, kubwa, zuri, lile ulilokuwa unalipiga konzi. Akavipasua kwa kisu kidogo, kimoja kimoja, kwenye kiganja changu. Vyote vitupu. Ganda na hewa. Akaniambia nitazame chini, niangalie kama kuna podo dogo hata moja. Nilitazama mgongo mzima, Baba Tumpe. Nilikuwa nimepita humo maisha yangu yote na sikuwahi kuona kwamba hakuna watoto. Wamesimama akina mama watupu, wamezeeka, wanadondosha maganda. Umewaua waume zao mmoja mmoja na watu wakakupigia makofi.

Na neno lile. Tasa. Unajua vizuri ulikuwa unalitumia wapi kwingine. Baada ya Tumpe sikupata mtoto tena, na hukulitoa neno hilo mdomoni mwako mbele yangu, hiyo haki nakupa. Lakini mama yako alilitoa, Ambakisye alilitoa, nawe ulikuwa umekaa hapo hapo unanoa msumeno kwa tupa, krii, krii, krii, kama mtu asiye na masikio.

Tumpe akaniambia kwamba kwa upande wetu huu, siku zote sita, hajaona dume. Akauliza, "Hujui lolote lililobaki?" Nikamwambia ninalijua moja.

Nikampeleka korongoni. Hukuwahi kumwonyesha. Alilizunguka, akainama akaokota vimkia vikavu vya njano, akavitia kwenye bahasha, na mwanangu huyo mwenye shahada na buti za askari akaliegemea lile shina akalia. Alama yako ya kudai mti ni wako bado ipo. Mikato mitatu. Gome limejaribu kuifunika na limeshindwa.

Sasa unaelewa nilivyobanwa. Mti mmoja uliobaki wa kuzalisha mgongo mzima, na wewe umewaachia watu amri waukate waukalie.

Siku ya kuweka msalaba kaburini kwako ilifika. Walikuja wengi, hilo usilalamike. Tulipomaliza kaburini tukarudi nyumbani, chakula kikaliwa, kisha Ambakisye akasimama. Alikuwa ameshaleta wapasuaji wawili wenye mashine ya mnyororo, wamekaa nyuma ya ghala wanatafuna mahindi. Akasema leo tunatimiza wosia wa ndugu yetu, korongo ni ardhi ya ukoo, si hifadhi, hakuna kizuizi.

Nikasimama nikasema mti huo haukatwi.

"Shemeji," akaniambia, "wosia wa marehemu haujadiliwi. Kaa. Tuletee chai."

Nikamwambia, "Chai iko kwenye chupa, shemeji. Imimine."

Wanawake wakacheka chini ya kanga zao. Tumpe akasimama akaeleza habari ya dume na jike, kwa adabu, pole pole, kama ninavyomjua. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Binti, sasa miti nayo inaoa?" Kicheko kikaenea uwanja mzima. Mwanangu akasubiri kiishe. Akasema, "Inaoa, babu. Na sisi tumeiacha wajane." Kicheko kikapungua lakini hakikuisha, na nikaona Ambakisye anawaashiria wale wa ghalani wasimame.

Ndipo nikashika sheria yenu. Ninyi wapasuaji mna sheria moja mnayoiheshimu kuliko amri kumi: mti wenye alama ya mtu hauguswi na mwingine, na mwenye alama akifa, unakuwa wa yule aliyeshika naye msumeno siku ile alama inapigwa. Si wa ndugu, si wa mtoto, si wa kanisa. Wosia wako ulitoa kitu ambacho kwa sheria yenu si chako tena ukishafumba macho. Nikasema, "Naomba mwenye mti aulizwe."

Wote wakamgeukia Mzee Lwitiko, kwa sababu Lwitiko ndiye aliyekuwa mwenzako tangu ujana. Wewe juu ya gogo, yeye chini yake shimoni, msumeno katikati. Ambakisye akafurahi. Lwitiko hajawahi kumkatalia mtu kitu.

Nikasema, "Hapana. Alama ya mti huo ilipigwa mwaka wa mbao za dari la kanisa. Mwaka huo Mzee Lwitiko alikuwa wapi?"

Kila mtu anakumbuka alikuwa wapi. Gogo lilimvunja mguu, akalala miezi. Na kila mtu anakumbuka ulipasua na nani. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Na yule Mmalawi."

Yule Mmalawi.

Baba Tumpe, nimekaa na huyo Mmalawi kifuani kama mfupa wa samaki. Ulizunguka kijiji kizima ukakosa mtu wa kushika upande wa chini, na kanisa linataka dari kabla ya Pasaka. Nikakuambia nitashika mimi. Ukakataa siku mbili. Siku ya tatu ukaja jikoni na suruali yako mkononi ukasema, "Vaa hii." Koti lako, kofia yako imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Watu walioona kwa mbali, kutoka ng'ambo ya korongo, walipokuuliza ni nani yule shimoni, ukajibu ni Mmalawi umempata kule mtoni Songwe, hasemi sana, analala msituni. Wakaamini. Huyo mama aliyesema "na yule Mmalawi" alikuwa anampikia. Kande na maharage, kwenye bakuli la bluu, ananipa mimi nimpelekee. Nilikuwa napanda nalo mlimani, nakula mwenyewe, namrudishia bakuli limeoshwa. Akasema, "Mwanaume safi sana yule, anaosha vyombo."

Nilishuka shimoni wiki saba. Unga wa mbao machoni, puani, kwenye matiti. Wa juu anaongoza mstari, lakini wa chini ndiye anayevuta mkato, na hilo unalijua. Tuliupiga uzi wenye unga wa betri kuukuu, mstari mweusi umenyooka kama barabara, na sikuuacha hata mara moja. Nenda katazame zile mbao za dari. Wapo mafundi waliotoka Vwawa wakauliza nani alipasua hizi, zimelingana hivi. Ukasema mimi. Mimi na Mmalawi mmoja.

Na siku ya kulifungua lile dari, mchungaji akawashukuru wote, akaomba Mungu amrehemu "ndugu yetu wa ng'ambo ya mto" popote alipo. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, chini ya mbao zangu, viganja vimechubuka, nikaitikia amina ya kuombewa mimi mwenyewe. Nikakutazama. Ulikuwa umeinamisha kichwa umefumba macho, mcha Mungu kabisa.

Kwa hiyo siku ya msalaba nikasimama katikati ya uwanja nikasema, "Mmalawi ni mimi."

Ambakisye akacheka, cheko lile lako. Akasema msiba umenichanganya, mwanamke hawezi kushinda shimoni hata siku moja. Nikaona nyuso zinataka kumwamini, maana ni rahisi zaidi. Yule mama wa bakuli alikuwa ananitazama tu mikono.

Aliyeniokoa ni Lwitiko. Alijikongoja na ule mguu wake mpaka katikati. Akasema: "Niliporudi kazini nilikuta mpini wa chini umezungushiwa kipande cha kanga, ile ya maua mekundu. Nikajiuliza, huyu Mmalawi gani anafunga mpini kwa kanga? Nikamuuliza marehemu. Akaniambia, 'Lwitiko, tafadhali nyamaza.' Nikanyamaza kwa heshima yake." Kisha akanigeukia. "Shemeji, ulivuta vizuri. Nilipokea msumeno umekaa sawa kuliko nilivyouacha. Mwenye mti ni wewe."

Sina aibu kukuambia nililia. Si kwa ajili ya mti. Nililia kwa kuwa nilijua sasa kwamba kuna mtu alikuuliza, uso kwa uso, na ulikuwa na nafasi ya kusema "ni mke wangu." Maneno matatu. Ukachagua mengine.

Mchungaji akauliza, taratibu, "Na mabenchi, mama?" Nikasema kahawa yangu ya msimu huu ni ya mabenchi, nendeni Tunduma mkachukue paina. Yule mama wa bakuli akasema na yeye atatoa gunia, kwa sababu amemlisha Mmalawi na hakujua kumbe alikuwa anamlisha jirani. Hapo watu wakacheka, na cheko hilo lilikuwa zuri. Wale wa mashine wakapewa wali wakaondoka.

Ambakisye hakula. Alipofika kwenye njia akageuka akaniambia, "Umemzika ndugu yangu mara ya pili." Tangu siku hiyo hakanyagi hapa. Watoto wake wameambiwa wapite njia ya kisimani wasipite uani kwangu. Nikiwa mgonjwa watakaokuja ni wa ukoo wangu, wa kwako hawaji. Hiyo ndiyo gharama na nimeilipa, usidhani nimepata mti bure.

Mwezi uliofuata vile vimkia vya njano vilitoka. Tumpe akaomba ruhusa kazini akaja na kamba. Alipanda lile podo kwa kamba, mwanamke mzima, mimi niko chini nimeshika upande wa pili, naachia kidogo, navuta kidogo, anavyoniamuru. Akakata vitawi vichache tu, akavitia kwenye mifuko ya karatasi. Tukavibeba mpaka kwenye mgongo, kwa wale majike wako wa konzi. Akapanda tena, mmoja baada ya mwingine, akavifunga vitawi katikati ya matawi yao upande upepo unakotokea. Ukikitikisa, vumbi la njano linatoka kama unga kinu kinapopigwa. Lilitudondokea kichwani. Nikasema mwanangu, tunafungisha ndoa. Akacheka huko juu mpaka nikaogopa ataanguka.

Vitunda vimeanza kutokea sasa, vidogo, kijani. Tumpe hanidanganyi: amesema vinaweza kuwa vitupu kama vya miaka yote. Mwaka huu vikiwa vitupu tutafanya tena mwakani. Wale ndege wenye mbawa nyekundu wameshaanza kuja kuchungulia.

Nataka nikuambie jambo moja lisilo la hasira, kisha nimalize. Zile wiki saba, nilipochoka shimoni, sikukuambia. Lakini msumeno ulikuwa unapungua kasi. Mwanzoni nilidhani ni wewe umechoka. Baadaye nikagundua unausikia mkono wangu kupitia kile chuma, na unapunguza kabla sijaomba. Mchana ulikuwa unashuka, unanishika kidevu, unanipuliza unga machoni, jicho la kulia, jicho la kushoto, unauliza, "Unaona sasa?" Hukuwahi kunishika hivyo nyumbani. Mbele ya watu ningekuwa mkeo tu. Kule, ambako ulisema hayupo mkeo, ndiko ulikonijua. Sijui nifanye nini na hilo. Nalibeba tu.

Sijakusamehe. Tumpe anasema nitakusamehe, yeye ni msomi, anajua mengi, hili halijui.

Alama yako sikuifuta. Ningeweza, panga liko pale pale mlangoni. Lakini sasa ni yangu kisheria, na mkato mpya ungeutesa mti. Nimeshasema mbele ya Lwitiko na mchungaji: nikifa, podo la korongoni ni la Tumpe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili wa kamba. Na nakuahidi kila mwaka vimkia vikitoka nitapanda kwa wale majike, miguu ikinikatalia nitabebwa, mpaka siku nitakapokanyaga kule juu nikaambiwa niangalie ninapokanyaga, kuna watoto.

Kaa salama, Baba Tumpe. Usinisubiri upesi, nina kazi mlimani.

Sekela